Jina Nililolitaja kwenye Simu

Wanangu wa hapa kanisani kwetu Mtoni, nimesikia mnataka kufungua kampuni ya usafi, na kabla hamjanunua hata fagio moja mmeshaanza kununiana kwa sababu ya jina. Mwenyekiti wenu alinifuata baada ya ibada akasema, "Mama Namkunda, si ndiyo kazi uliyofanya maisha yako yote? Tuandikie kidogo." Nimekaa na daftari hili wiki nzima, na kila nikijaribu kuandika kidogo, inakuja habari moja ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Basi mtaisoma na hiyo.

Nilikuwa karani wa wakili, hapa hapa Barabara ya Kilwa, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Wakili alikuwa na kesi zake, lakini mkate wetu wa kila siku ulikuwa kusajili makampuni. Watu walidhani kazi yangu ni kugonga mihuri. Kumbe sehemu kubwa ya siku nilikuwa nakaa mbele ya mtu mzima aliyekuja na jina moja kifuani, nikimweleza taratibu kwamba jina hilo haliwezekani. Wengine walikasirika kweli kweli. Mtu unaweza kumkatalia mkopo akaondoka anacheka, lakini mguse jina alilolitunga mwenyewe, utaona.

Walikuja vijana fulani wa Temeke, wanne, wote wamevaa fulana mpya za njano, jina la kampuni limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa. Biashara yao ilikuwa kukodisha viti na maturubai ya sherehe, nao wakajiita Benki ya Viti. Walikuwa wameshachapisha fulana, bango, kadi na kalamu. Neno benki haliwekwi kwenye jina la kampuni bila kibali cha wenye mamlaka ya mabenki, na wenye mamlaka hawatoi kibali kwa watu wa viti. Wakili wangu aliwatazama mmoja mmoja, akamwomba mmoja ageuke, akasoma mgongo wake mpaka mwisho. "Fulana ni nzuri," akasema. "Mtazivalia nyumbani." Kwa hiyo hilo la kwanza mlishike: msichapishe kitu chochote mpaka msajili awe amelikubali jina.

Wakili mwenyewe nitamwita Bwana Murtaza. Alikuwa Mhindi, Shia, mzaliwa wa Temeke, baba yake aliuza vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyetoka Upareni na lafudhi yangu ya mlimani, na alikuwa akinirekebisha mbele za wateja bila huruma. Muharram ikiingia alivaa shati jeusi kila siku, na siku zile za maombolezo makubwa hakuja ofisini kabisa. Mimi niliachwa na funguo.

Alikuwa na namna yake ya kumpima mteja. Alimwambia alitamke jina la kampuni mara tatu. Mara ya kwanza alitamke anavyopokea simu ya mteja wake. Mara ya pili alitamke vile askari wa barabarani atakavyolisoma ubavuni mwa gari. Mara ya tatu alitamke vile mtu aliyeuziwa bidhaa mbovu atakavyolitaja akiwa amekasirika. Hii ya tatu ndiyo iliyowashinda wengi. Niliwahi kumwona mama mmoja aliyetaka kampuni iitwe kwa jina la kitinda mimba wake. Alipofika mara ya tatu akasema, "Hapana, sitaki mwanangu atukanwe," akachagua jina la mto wa kwao.

Jina likishapita mara zote tatu, Bwana Murtaza hakukubali hata mteja anywe chai. "Peleka sasa hivi, Namkunda. Chai baadaye." Zamani kupeleka maana yake nilitoka na barua mkononi mpaka mjini, nikapanga foleni, karani wa msajili akafunua rejista zake, nami nikarudi kungoja majibu siku kadhaa. Siku hizi mnakaa kitandani mnabonyeza, na mtu mwingine kitandani kwake Mbagala anabonyeza vile vile. Mwendo umebadilika ila jambo ni lile lile. Kuangalia ukaona jina liko wazi hakukupi kitu. Jina linakuwa lako pale ombi lako linapopokelewa, na kabla ya hapo yeyote aliyelisikia anaweza kulichukua. Kwa sababu hiyo Bwana Murtaza alikuwa na sharti jingine: jina halitoki nje ya chumba kabla halijapelekwa.

Tena bebeni majina matatu, msibebe moja. Na msidhani kwamba mkikuta jina limechukuliwa mtaweka "Mpya" au "Tanzania" mwishoni mpite. Watu wamejaribu hilo tangu nikiwa msichana.

Nimelizunguka hili la kwangu vya kutosha. Sasa niliseme.

Kabla sijaajiriwa na Bwana Murtaza nilikuwa karani katika mahakama ya mwanzo, upande wa mirathi. Kule kila kitu kilianza na muhtasari wa kikao cha ukoo. Hujaleta muhtasari, hujafika. Tena mimi ni mtu wa Usangi, huko huko Upareni. Nyumbani kwetu hata mtoto akitaka kupewa jina la babu aliyekufa, ndugu za yule babu huulizwa kwanza, wanakaa, wanakunywa kitu, wanaridhia. Nililelewa nikijua kwamba jina la marehemu lina wenyewe. Sheria ya makampuni haijui habari hizo. Nilifanya kazi miaka mingi juu ya duka lile la vipuri, na bado mahakama ya mwanzo na Usangi vilikuwa ndani yangu.

Mwaka mmoja, katikati ya siku zile za Muharram, akaja mama mmoja wa Kibamba na binti yake. Mama Jeni alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa matunda katika soko la Mabibo, jina lake Lazaro. Lazaro alikuwa anapokea ndizi, mananasi na machungwa kutoka mashambani, anayapanga kwenye makreti ya mbao, na kila kreti lilikuwa na jina lake kwa rangi ya kijani, LAZARO, basi, bila maneno mengine. Wanunuzi walimjua kwa makreti yale. Alipofariki, mke wake alichukua nafasi yake sokoni, na kwa miaka miwili tangu hapo aliifanya kazi vizuri kuliko marehemu, ila hakubadilisha rangi wala jina. Lazaro hakuwahi kulisajili popote.

"Kuna hoteli zinataka mzigo wetu kila wiki," Mama Jeni aliniambia. "Ila wanasema hawafanyi kazi na mtu, wanafanya na kampuni. Wameniambia nilete cheti cha Lazaro."

"Jina gani unataka?"

"Lazaro Mazao."

"Na mengine mawili, kama hilo limechukuliwa?"

"Sina mengine, dada. Wao wanamjua Lazaro. Mie mwenyewe namjua Lazaro."

Jeni alikuwa msichana wa chuo, mpole, ndiye aliyeshika simu na bahasha ya karatasi. Alikuwa amelitazama jina kwenye mtandao usiku uliotangulia, nami nikalitazama tena mbele yao. Lilikuwa wazi. Nikachukua nakala za vitambulisho, nakala za karatasi za mirathi, nikawaambia, "Rudini Jumatatu." Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Kilichobaki ni kubonyeza mara moja tu.

Sikubonyeza.

Walipotoka nilizipitia zile nakala za mirathi, kwa mazoea tu, nikaukuta muhtasari wa kikao cha ukoo, na chini yake jina la mdogo wake marehemu, Amosi, na namba yake ya simu, na mahali alikozaliwa: Usangi. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema, huyu ni mtu wa nyumbani, itakuwa vibaya jina la kaka yake lisajiliwe asijue. Nikampigia.

"Dada wa nyumbani!" alisema alivyosikia natoka wapi. Tukaulizana za huko, mvua, wazee. Kisha nikamweleza kwamba shemeji yake anafungua kampuni kwa jina la marehemu, nami naona ni adabu yeye ajue na aridhie.

"Umefanya la maana sana. Ni jina gani hasa?"

"Lazaro Mazao."

"Zuri. Mie sina neno kabisa. Ila ngoja niongee na wazee nyumbani, wasije wakalalamika baadaye. Nipe mpaka Jumatatu, sawa?"

"Sawa, braza."

Niliweka simu chini nikiwa nimejiridhisha. Nilijiona mtu mwenye malezi. Hata nilimsema moyoni Mama Jeni, kwamba amekaa mjini mpaka amesahau kwamba mume ana ndugu. Nikachemsha chai yangu nikanywa.

Jumatatu asubuhi nikawasilisha ombi, likarudi: jina hilo limeshahifadhiwa. Nilifikiri nimekosea, nikajaribu tena. Mama Jeni na Jeni waliingia wakati bado natazama skrini. Bwana Murtaza alikuwa hajarudi. Nikamwambia mama jina limechukuliwa. Akauliza limechukuliwa na nani, nikasema bado haionekani. Hakusubiri nimalize. Alitoa simu akampigia shemeji yake, akaweka sauti ya nje, nafikiri alitaka niwe shahidi.

"Shemeji, wewe umeliandikisha jina la kaka yako?"

"Jina ni la ukoo, shemeji," Amosi alisema, taratibu kabisa. "Nimelilinda. Kesho ukiolewa tena, litakwenda wapi?"

Akakata.

Mama Jeni hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono juu ya mapaja, akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. "Tuliokuwa tunalijua hili jambo ni watatu. Mie. Wewe Jeni. Na dada hapa. Dada hapa ni mtu wa ofisi, Amosi hamjui." Akamgeukia binti yake. "Jeni, ada yako ya chuo analipa nani?"

"Mama, sijamwambia."

"Nimekuuliza ada analipa nani."

"Baba mdogo."

"Haya."

"Mama, naapa sijamwambia. Hata sijaongea naye mwezi huu."

Kisha yule binti akanitazama mimi. Hakunitilia shaka. Alinitazama kwa sababu nilikuwa mtu mzima pekee mwingine aliyekuwemo mle ndani, na mtoto akionewa humtazama mtu mzima. Ilitosha niseme maneno mawili: nilimpigia mimi. Nilifungua droo nikaanza kutafuta kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilipoinua uso nikasema, "Tutafute jina jingine, mama."

"Andika lolote," alisema.

Niliandika Kibamba Matunda. Hata hakulitamka mara moja, achilia mbali tatu. Akatia sahihi palipotakiwa, akatoka, na Jeni akabaki amesimama kidogo mlangoni kabla ya kumfuata. Nilizisikia hatua zao ngazini, za mama kwanza, halafu baada ya muda za binti.

Mnajiuliza kwa nini sikusema. Nami nimejiuliza. Niliogopa kufukuzwa kazi, hilo kweli. Lakini kubwa zaidi niliona aibu. Nilikuwa nimezoea kuwa yule dada anayejua taratibu, anayewaelekeza wengine, na pale nilitakiwa niwe mtu aliyeharibu. Nilijiambia nitamwambia Mama Jeni peke yake, siku nyingine, hasira zikishapoa. Siku nyingine hiyo niliisogeza, nikaisogeza tena.

Na siwezi kusema sikuonyeshwa mfano. Miaka ya nyuma Bwana Murtaza aliwahi kuacha muda wa hifadhi ya jina la daktari mmoja ukaisha, na jina likaenda kwa mtu mwingine. Jina likishahifadhiwa hukaa kwa muda uliowekwa tu, mkizembea linarudi sokoni, hilo nalo mlijue. Alimwita daktari ofisini, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. "Kosa ni langu," akamwambia. "Si la msajili, si la mtandao, si la karani wangu." Daktari alimtukana, akachukua faili lake, hakurudi tena. Bwana Murtaza akarudi kwenye kiti chake akaniomba faili linalofuata. Nilikuwa nimesimama pale pale karibu na kabati, nikayaona yote.

Aliporudi baada ya maombolezo nilimweleza habari ya Lazaro yote, simu na kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Umemwambia yule mama?"

"Bado."

"Mwambie leo. Kuhusu mimi na wewe tutazungumza kesho."

Kesho yake akaniuliza, "Ulimwambia?" Nikajibu, "Nilimwambia." Akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri, na hatukulizungumza tena. Hakunikata hata siku moja ya mshahara. Alijaribu hata kuandika pingamizi, lakini Mama Jeni hakuwa na karatasi yoyote ya zamani yenye jina lile, na Amosi naye alikuwa wa ukoo huo huo. Likashindikana.

Wiki chache baadaye nilikwenda Mabibo kununua ndizi za kupika. Nilimkuta Mama Jeni amekaa juu ya kigoda, kreti mapajani, anasugua mbao kwa msasa. Amosi alikuwa amemletea barua kwamba asiuze tena kwa jina la kampuni yake, na zile hoteli zilikuwa zimeshachukua mzigo kwa mwenye cheti. Nyuma yake palikuwa na rundo la makreti yaliyosuguliwa, na mengine bado. Rangi ya kijani ilikuwa imeingia ndani ya mbao, haitoki yote. Nilimuuliza Jeni yuko wapi.

"Nimemwambia akakae huko alikopeleka maneno," alisema, bila kuacha kusugua.

Niliumia, wanangu. Nikanunua ndizi, nikamwacha na kreti lake, nikaenda kituoni.

Hapo ndipo habari hii ilipokaa kwa miaka minne. Niliendelea na kazi. Niliwafundisha makarani wadogo, niliwaambia wasitoe jina nje ya chumba, nao walinisifu kwa umakini. Kila niliposikia mtu anataja Kibamba nilitafuta shughuli ya kufanya.

Mwanzoni mwa mwaka huu Bwana Murtaza akafariki. Nilikwenda msibani, nikafunika kichwa changu vizuri, nikakaa upande wa wanawake. Binti yake mkubwa alikuja akanishika mikono. Akasema, "Baba alikuwa akitusimulia habari zako. Alisema karani wake alifanya kosa moja kubwa, na kesho yake akaenda mwenyewe kulikiri. Alisema ndiyo maana aliendelea kukuachia funguo." Nikaanza kulia. Alidhani ninalia kwa ajili ya baba yake, na kweli nilikuwa nalia kwa ajili yake pia, lakini sikuwa na la kumfanyia tena. Uongo niliompa Bwana Murtaza alikuwa ameondoka nao akiupenda.

Ofisi ikafungwa, nami nikastaafu. Jumamosi ya pili baada ya hapo nilikwenda Kibamba.

Nilimkuta Mama Jeni uani anachambua mchicha. Kichwa chake kilikuwa kimeingia mvi. Hakunitambua mpaka nilipotaja ofisi, na alipotambua akaniletea kiti. Akanyanyuka aweke maji ya chai, nikamwambia asubiri kwanza. Nikabaki nimesimama. Nikasema, "Mama Jeni, mie ndiye niliyempigia Amosi. Nilimtajia jina. Jeni hakusema kitu."

Alivunja kikonyo cha mchicha alichokuwa amekishika.

"Lini?"

"Siku ile ile mlipotoka. Alhamisi."

"Kwa nini?"

"Kwetu jina la marehemu haliguswi mpaka ndugu zake..."

"Lazaro alikuwa mume wangu," alisema. "Hao ndugu walikuja kumzika tu. Na Jumatatu ulikuwa umekaa pale, mwanangu anaapa mbele yako."

"Nilikuwepo."

"Ukatafuta kalamu."

Sikujua kwamba aliliona. Nikasema ndiyo.

Aliweka mchicha kwenye ungo. Akafuta mikono kwenye kanga. "Jeni kaolewa mwaka jana," alisema. "Walileta kadi mpaka hapa getini. Sikwenda. Nilikaa hapa nachambua mboga na mwanangu anaolewa Mbezi, hata si mbali." Kisha akaingia ndani, akatoka na simu. Namba ilikuwemo, imeandikwa Jeni. Akaibonyeza na kunikabidhi simu. "Sema wewe. Sema kama ulivyoniambia."

Iliita mara moja tu. "Mama?" ilisema sauti, na jinsi ilivyosema neno lile nilitamani ardhi ipasuke.

"Si mama, mwanangu. Ni Namkunda, wa ofisi ya wakili, Mtoni." Nikamwambia. Nilisema yote, simu, Usangi, Jumatatu. Sikumwomba msamaha mwanzoni kwa sababu niliona kama namwomba tena kitu. Nilipomaliza yote ndipo nikaomba.

"Nilikutazama," alisema.

"Ulinitazama."

"Nilikuwa nadhani utamwambia mama anionee huruma. Sikutegemea zaidi ya hapo." Sauti yake haikuwa na ukali, na ningeufurahia ukali. "Mama yupo?"

"Yupo hapa."

"Naomba umpe."

Nilimpa mama yake simu. Sufuria ya chai ilikuwa bado tupu, naye hakuikaribia tena. Alinionyesha geti kwa kidevu. Nilichukua mkoba wangu nikaanza kutembea, na nyuma yangu nikamsikia Mama Jeni anavuta pumzi mara mbili kabla sauti haijatoka.

"Marahaba," alisema. Akasikiliza. "Marahaba, mwanangu."

Nililifunga geti mwenyewe.